Kabla ya Sindano, Uliza Njia ya Kurudi

Gladys Deacon alikuwa na miaka 22 alipoamua kwamba pua yake ina kasoro. Wenzake hawakuiona kasoro hiyo. Alikuwa binti wa Wamarekani wenye fedha, kazaliwa Paris mwaka 1881, na alipopevuka urembo wake ukawa gumzo la Ulaya. Mrithi wa kiti cha enzi cha Prussia alimpa pete yake, mwandishi Marcel Proust alimsifu. Lakini yeye macho yake yalikuwa kwenye sanamu za Wagiriki wa kale, zile ambazo pua inateremka moja kwa moja kutoka kwenye paji la uso bila kubonyea, akataka na yake iwe hivyo. Mwaka 1903 akachomwa sindano ya nta ya parafini katikati ya macho.

Nta haikutulia. Iliteremka kidogo kidogo chini ya ngozi, ikaenda kujikusanya karibu na kidevu, ikaacha mabonge. Mwaka 1921 aliolewa na Duke wa Marlborough, akawa bibi wa kasri la Blenheim kule Uingereza. Mgeni akiinua kichwa kwenye dari ya baraza la mbele la kasri hilo, ataona macho ya buluu ya Gladys yaliyochorwa mwaka 1928. Mchoraji aliishia kwenye macho. Gladys alifariki mwaka 1977 akiwa na miaka 96, maana yake aliishi na ile nta zaidi ya miaka 70.

Ni rahisi kumwita mjinga, lakini hilo si kweli. Alifuata kilichokuwa cha kisasa na cha kitaalamu kwa wakati wake. Mwaka 1899 daktari mpasuaji wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kuingiza mafuta mazito ya petroli mwilini kwa sindano ili kujaza palipopungua, na haukupita muda wenzake wakaanza kutumia parafini kunyoosha pua, kujaza mashavu na kufuta makunyanzi. Gladys hakwenda kwa mganga wa uchochoroni. Alikuwa na fedha za kumlipa anayejua kushika sindano. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua namna ya kuitoa ile nta. Mwili huizungushia nyama ngumu, uvimbe unajishikamanisha na ngozi, na anayetaka kuuondoa lazima akate na nyama iliyo jirani. Ilichukua miaka kama 20 na nyuso nyingi kabla madaktari wa Ulaya hawajaiacha.

Siku hizi swali linaloulizwa kwenye saluni na kwenye makundi ya WhatsApp ya kina dada, Dar es Salaam na Nairobi, ni fupi: Botox au fila? Matangazo yapo Instagram na TikTok, yenye picha mbili, kabla na baada, na namba ya simu. Sina ugomvi na anayetaka kupunguza makunyanzi. Uso ni wake na fedha ni zake. Ninachodai ni kwamba swali hilo linaulizwa mapema mno. Kabla yake kuna jingine ambalo mwenye tangazo hapendi kulisikia: mambo yakiharibika, kurudi ni vipi? Kila sindano ina jibu lake, na majibu yanatofautiana sana.

Anza na kioo. Kaa mbele ya dirisha mchana, kunja uso kwa hasira, halafu ulegeze. Ile mistari miwili inayosimama kati ya nyusi ikipotea uso ukitulia, hiyo imeletwa na msuli unaovuta ngozi. Ikibaki hata uso ukiwa umetulia, basi ngozi yenyewe imeshajikunja. Mikunjo inayotoka pembeni mwa pua kwenda kwenye pembe za mdomo ni habari nyingine kabisa. Hiyo inatokana zaidi na mashavu kupungua na kushuka. Botox hulegeza msuli, fila hujaza nafasi. Kwa hiyo anayekuuliza unataka ipi kabla hajakuambia ukunje uso, anafanya biashara, hajaanza tiba.

Botox inatengenezwa kwa sumu, na jambo hilo lisifichwe wala lisikuzwe. Kuna bakteria anayestawi pasipo hewa, kwenye nyama iliyohifadhiwa vibaya au kopo lililoharibika, na sumu anayoitoa hulegeza misuli mpaka mtu anashindwa kupumua. Miaka ya 1820 Justinus Kerner, daktari na mshairi wa Kijerumani, aliandika kwa kina habari za watu waliokufa kwa kula soseji mbovu. Aliionja sumu hiyo yeye mwenyewe, akabashiri kwamba kwa kiasi kidogo sana ingeweza siku moja kuwa dawa. Ubashiri huo ulingoja zaidi ya karne moja. Mwaka 1980 daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alichapisha matokeo ya kuitumia kunyoosha makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha.

Kwenye makunyanzi iliingia kwa mlango wa nyuma. Kule Vancouver, Kanada, daktari Jean Carruthers alikuwa akiwachoma watu waliosumbuliwa na kope zinazojifunga zenyewe. Siku moja mwaka 1987 mgonjwa mmoja akalalamika kwamba safari hii hajachomwa kati ya nyusi. Daktari akashangaa, maana pale hapakuwa na ugonjwa. Mgonjwa akamweleza kwamba akichomwa pale uso wake unapata utulivu. Jean akalibeba neno hilo hadi nyumbani. Mumewe, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi aliyekuwa akihangaika na mistari ileile kwa wateja wake. Wa kwanza kujaribiwa akawa mpokea wageni wa kliniki yao. Makala yao ilitoka mwaka 1992, na FDA iliruhusu matumizi ya mistari kati ya nyusi mwaka 2002.

Sindano hiyo huzuia neva kuuambia msuli ujikaze. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwenye wiki ya pili, na baada ya miezi mitatu au minne msuli unarudi kazini. Wauzaji hulitaja hili kwa aibu kidogo, kana kwamba ni upungufu. Mimi naliona ndilo jambo jema kuliko yote. Dawa ikisambaa kidogo ikalegeza kope, jicho linabaki limening'inia nusu. Hakuna sindano ya kuitoa papo hapo, utavumilia wiki kadhaa na miwani ya jua, lakini itaisha. Njia ya kurudi ipo, ila haikimbizwi.

Fila, kwa upande wake, ni jina moja lenye vitu vingi ndani, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Inayotumika zaidi imetengenezwa kwa asidi ya haialuroniki, kitu ambacho tayari kimo mwilini mwetu na kinachovuta maji. Ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Hukaa miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, na ina sifa moja ambayo ile nta haikuwa nayo: kuna kimeng'enya kinachoitwa haialuronidasi, kikichomwa mahali palepale huiyeyusha. Lakini zipo fila za chembe za kalisi, zipo za asidi ya polilaktiki, zipo zenye vipunje vidogo vya plastiki visivyoyeyuka maishani, na zote hizo kimeng'enya hicho hakiziwezi. Halafu ipo silikoni ya maji, ambayo FDA haijawahi kuiidhinisha kuchomwa kwa ajili ya urembo, lakini wachomaji wa vichochoroni wanaipenda kwa sababu ni rahisi na ni ya kudumu.

Ya kudumu! Neno hilo limewauza watu wengi. Sisi tumezoea kusifu kitu kinachodumu, iwe kabati, iwe bati la paa, na mteja akiambiwa hii ni miezi minne na ile ni miaka mitano, hesabu inajipiga yenyewe kichwani. Lakini uso haukai ulivyo kwa miaka mitano. Mifupa ya uso hupungua, mafuta huhama, ngozi hulegea, na kilichojazwa leo mahali pake kesho kutwa kitakuwa kimekaa pasipo pake. Kwa mtu anayechomwa mara ya kwanza, kwa maoni yangu, chenye kuisha haraka ndicho cha kuanza nacho. Akijuta, ajute kwa miezi.

Fila ina hatari moja ambayo Botox haina. Ni ute mzito. Ukiingia kwenye mshipa wa damu unauziba, na ngozi inayotegemea mshipa huo huanza kufa. Eneo kati ya nyusi na pua ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mishipa yake imeungana na ile inayolisha jicho. Sindano ikisukuma fila kwa nguvu ndani ya mshipa pale, inaweza kwenda kinyumenyume hadi nyuma ya jicho, na mtu akapoteza uwezo wa kuona akiwa bado amekaa kwenye kiti. Muda wa kuliokoa jicho unahesabika kwa dakika, na mara nyingi haliokoki hata kimeng'enya kikiwepo. Sasa mfikirie dada anayekwenda na mistari yake kati ya nyusi, akashauriwa atiwe fila kwa kuwa inakaa kuliko Botox. Mahali ambapo dawa inayoisha ingetosha, amepewa kitu kizito, kwenye eneo la hatari kuliko yote usoni, kwa sababu ya hesabu ya miezi. Muulize mchomaji swali moja tu: haialuronidasi unayo humu ndani? Si ya kuagizwa, si ya kwa rafiki yake. Asipoweza kufungua friji akakuonyesha, shika mkoba wako.

Aliyechagua Botox naye asijione amepona. Kuna kisa cha Florida, na hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu kila hatua yake inaweza kutokea popote.

Novemba 2004, watu wanne walichomwa sindano za kuondoa makunyanzi. Mchomaji alikuwa daktari ambaye leseni yake ilikuwa imesimamishwa, na mmoja wa hao wanne alikuwa yeye mwenyewe. Hakutumia dawa iliyosajiliwa. Alikuwa amenunua sumu ghafi ya maabara, ile inayouzwa kwa watafiti, kwenye kichupa kilichoandikwa wazi kwamba si ya kutumiwa kwa binadamu. Unga wenyewe ni kidogo hata hauonekani vizuri. Ukichanganywa na maji ya chumvi unabaki kama maji. Yaliyomo ndani ya bomba la sindano la daktari mwadilifu na yaliyomo ndani ya lile bomba yalifanana kwa rangi na kwa harufu.

Siku chache baadaye macho yao yakaanza kuona vitu viwili viwili. Kumeza kukawa shida, sauti zikapotea, kisha pumzi. Wote wanne walilazwa, wakaunganishwa na mashine za kupumulia. Wataalamu walipokuja kupima, walikadiria kwamba kichupa kimoja cha mikrogramu 100 cha toleo lile kilikuwa na sumu ya kutosha kuua watu wazima zaidi ya 14,000 kama wangegawiwa sawasawa. Damu ya watatu kati ya wagonjwa ilikuwa na sumu mara 21 hadi 43 ya kiwango kinachokadiriwa kumuua mtu. Walipona, na hilo ni sifa ya hospitali na ya dawa ya kuzuia sumu iliyowahishwa. Lakini kupona kwenyewe kulikuwa kulala wiki na wiki huku akili ikiwa macho na mwili haujibu, mpaka neva ziote ncha mpya. Uchunguzi uliifikia kampuni moja ya Arizona iliyokuwa ikiwauzia madaktari sumu hiyo kama mbadala wa bei nafuu. Wenye kampuni wakafungwa, na daktari naye akafungwa.

Huyu mtu alijichoma mwenyewe. Huwa narudi kwenye jambo hilo kila nikisikia mteja anasema, "Lakini na yeye amejichoma, mbona yuko vizuri?" Daktari wa Florida alikuwa na imani kamili na kichupa chake. Imani yake haikubadilisha kilichokuwemo.

Na tusidhani ni mambo ya 2004. Mwanzoni mwa mwaka 2023 makumi ya watu, wakiwemo wa kutoka Ujerumani, waliugua baada ya kuchomwa sumu hiyohiyo tumboni huko Uturuki ili wapunguze uzito. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza watu 22 katika majimbo 11 walioathirika baada ya kuchomwa Botox, nyingine ikithibitika kuwa bandia. 11 kati yao walilazwa. Walichomwa na watu wasio na leseni au wasiofunzwa, au mahali ambapo si pa tiba, kama majumbani na kwenye spa. Ikiwa Marekani, yenye mamlaka kali namna ile, mzigo bandia unapenya hadi kwenye paji la mtu, sisi tunaopokea dawa kwenye begi la msafiri kutoka ng'ambo tuna sababu zaidi ya kuuliza.

Kuuliza kwenyewe si kugumu. Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu, na daktari naye ana baraza lake linaloweka orodha ya waliosajiliwa. Botox huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye pochi tangu uwanja wa ndege haina hakika tena. Mwenye kichupa akifungue mbele yako. Kikija tayari kimevutwa kwenye bomba la sindano, hujui ni nini.

Kisha kuna suala la yuniti. Watu wa umeme wa LUKU tunajua kwamba yuniti ni yuniti, ukinunua 50 umepata zaidi ya aliyenunua 20. Kwenye sindano hizi sivyo. Kwa mistari kati ya nyusi, kipimo kilichoidhinishwa cha Botox ni yuniti 20, zikigawanywa sehemu tano, nne nne. Kwa Dysport, ambayo ni ya familia moja lakini ya kampuni nyingine, kipimo cha mistari ileile ni yuniti 50. Hesabu za dawa hizi mbili hazibadilishani. Ndiyo maana utasikia tangazo la "yuniti 50 kwa bei ya ofa" na ukadhani umeokota. Upo pia mchezo wa maji: kichupa cha yuniti 100 hupaswa kuyeyushwa kwa mililita 2.5 za maji ya chumvi, na anayetaka kukinyoosha kihudumie wateja wengi anaongeza maji. Huyo hakuui, anakuibia, na baada ya mwezi mmoja uso umerudi ulivyokuwa. Rahisi ghali, kwa maana yake halisi kabisa.

Mjamzito na anayenyonyesha asubiri. Mwenye ugonjwa wa kudhoofu misuli akae mbali na Botox. Anayeota makovu makubwa yaliyofura kila akijikata amwambie daktari kabla ngozi haijaguswa. Na kwa kuwa sisi wenye ngozi nyeusi tuna kinga kiasi dhidi ya jua, makunyanzi yetu huja kwa kuchelewa. Nimeona wasichana wa miaka 25 wakiuziwa sindano ya mistari ambayo hata tochi haiioni.

Limebaki jambo la siri. Wengi huchomwa bila nyumbani kujua. Mume hajaambiwa, mama mkwe ndiyo kabisa, na mashoga wanaambiwa ni mafuta mapya. Basi usiku wa tatu kope zinaanza kuanguka, ulimi unakuwa mzito, anakimbizwa hospitali, na pale mapokezi, mume akiwa amesimama pembeni, anasema hajui alichokula. Daktari wa zamu atafikiri kiharusi, atafikiri malaria imepanda kichwani, na atakuwa sahihi kufikiri hivyo kwa habari alizopewa. Kwa fila ni vilevile: alama ni maumivu yasiyolingana na sindano yenyewe, ngozi kupauka au kuwa na michirizi ya zambarau mithili ya wavu, au jicho kufifia. Kwenye ngozi nyeusi kupauka hakuonekani kirahisi, na ganzi iliyochanganywa ndani ya fila huweza kuficha maumivu, kwa hiyo usisubiri dalili zote zijipange. Boksi la dawa lina jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Lipige picha kwa simu kabla hujalala kwenye kile kiti. Mume ataelezwa baadaye kwa namna utakayoona inafaa. Daktari wa zamu aelezwe kwanza na aonyeshwe ile picha, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu hushika tu ile ambayo bado inaelea kwenye damu, na ile iliyokwisha kuingia kwenye neva haiiwezi tena.